Swali la Kumi na Moja

Swali la kumi na moja lina visanduku vitatu:
Nchi kavu. Anga. Wanamaji.
Weka alama ya vyema kwenye kimoja tu.
Nimeliacha hadi mwisho, kama nyama.

Niko Kiborloni, chini ya turubai la mama,
fomu juu ya robota la mitumba,
kalamu ya kukopa kwa Mangi wa dukani
anayeidai kila baada ya dakika tano.
Jina: Aikande Elifuraha Mmari.
Urefu: nilijipima kwenye fremu ya mlango.
Meno: yote, kasoro moja.

Babu anataka nchi kavu.
Au hasemi; anavua soksi.
Kidole gumba cha kushoto hakina ukucha
tangu mwaka sabini na tisa.
"Nchi kavu ni neno la karatasi," anasema.
"Sisi tulilala kwenye tope wiki tatu,
bunduki kavu, wenyewe chepechepe."
Anacheka, anaivaa soksi yake taratibu,
anasema askari wa miguu ana heri moja:
akichoka, anajua kilichochoka.

Ndetaramo, mdogo wangu, anataka anga.
Usiku, kutoka kihambani kwetu Uru,
tunaziona ndege zikishuka KIA,
taa nyekundu inapepesa kama jicho la mgonjwa.
"Ukipita juu yetu, zima uwashe mara tatu,
nitajua ni wewe."
Nikamwambia marubani ni wachache,
wengine hushika spana, huhesabu mapipa ya mafuta,
hufagia njia ya kurukia.
"Basi fagia. Lakini ufagie jeshi la anga."

Mama hataki hata kimoja.
Anakunja suruali za watu wa Ulaya,
anapekua mifuko kwa mazoea,
siku moja alikuta tiketi ya treni, akaitunza.
"Suruali ya jeshi haina mwenyewe," anasema.
"Leo yako, kesho ya stoo."
Halafu, bila kuniangalia,
anauliza kama wasichana wanapewa saizi zao.

Bahari sijaiona.
Lakini maji?
Tangu nina miaka tisa natumwa kwenye mfongo
saa nane usiku, zamu yetu,
koroboi mkononi,
kung'oa kizibo cha magome ya migomba na udongo,
kuyageuza yaje kwetu,
kisha kusimama pale, jembe begani,
asije mtu akayarudisha kwake.
Nimelinda maji yanayonifika kwenye kifundo cha mguu.
Nimeisikia sauti yake ikipungua
kabla jicho halijaona kitu.
Usiku mmoja nikamkuta Mzee Kiwelu,
shemasi, mwenye koti la Jumapili,
amepiga magoti matopeni, anatuibia.
Sikupiga kelele. Nilisimama tu
mpaka aliponiona.
Akaziba kwa mikono yake mwenyewe.
Kesho yake ukaja mkungu mzima wa ndizi,
hakusema ni za nini, nasi hatukuuliza.
Kama ile si doria, basi sijui doria.

Mwanamaji. Nalitamka polepole:
mwana wa maji.
Anga nayo ina mwanaanga,
lakini huyo alishakwenda mwezini.
Nchi kavu haina mwana, ina miguu tu.

Karani wa wilaya alituambia mapema:
"Andikeni tu. Jeshi ndilo linalochagua."
Foleni nzima ikacheka.
Sawa. Hata mfongo una wazee wake wa kupanga zamu,
na hakuna aliyewahi kuniuliza kama napenda saa nane.
Lakini ikifika saa nane,
anayesimama gizani si wazee.

"Kalamu!" Mangi huyo.
Subiri, Mangi.
Naweka vyema kwenye kisanduku cha tatu;
wino unagoma kabla ya mkia.
Nailowesha ncha kwa ulimi,
namalizia.